Jiko Langu na Ile Nyota ya Tatu

Machakos mjini, Jumamosi, Agosti 2009

Shajara yangu, leo ukungu umelala juu ya vilima vya kwetu Kathiani mpaka jua likachoka kuungoja, na baridi ni ile ya kushika masikio. Lakini mimi nimeamka nikiimba. Hata Susu, nyanya wa nyumba yetu, akauliza kutoka chumbani kwake kama nimeokota kitu njiani.

Nimeokota.

Ngoja nikusimulie polepole. Nimemaliza kuuza machungwa, nimeingia hapa kwa sayba na kapu langu tupu, na vidole vyangu kwa hii kompyuta vinatembea kama kuku anayetafuta mtama kwa mchanga. Kijana wa sayba ananiangalia kwa huruma. Wacha aangalie. Mwende alipokufungua hapa kwa mtandao aliniambia, "Mami, andika tu vile unaongea." Mimi niliacha shule darasa la tano, kwa hivyo hata ningetaka kuandika vingine singeweza.

Mwende ni mtoto wangu, wa pekee. Yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, na anasoma mambo ya nyota. Akina mama sokoni wakiniuliza anasomea nini, mimi husema sayansi. Siku moja nilijaribu kusema nyota, wakatazamana. Mmoja akaniuliza kama siku hizi uganga unafundishwa chuo kikuu.

Likizo hii amekuja nyumbani na darubini ya chuo. Waliambiwa watafute mahali penye giza, na giza kwetu halijawahi kukosa. Tena mwaka huu mvua imetuacha, mabwawa yamekauka, na stima ya mjini inakatwa kwa zamu. Watu wanalalamika. Mwende naye kila jioni anatazama upande wa Machakos, anaona kumekuwa kweusi, anatabasamu peke yake kama mwizi.

Kazi aliyopewa ni hii, nami nitaieleza vile niliielewa.

Kuna nyota mbili kichwani kwa Nge, lile kundi la nyota lenye mkia, zile zinazopanda juu kabisa wakati huu tukimaliza chakula cha jioni. Hizo mbili zinajulikana ni za nyumba moja, zinazungukana. Lakini kando yao kuna ya tatu, ndogo, hafifu. Swali ni kama hiyo ya tatu ni yao, ama iko tu nyuma yao, mbali, imesimama kwa mstari mmoja ikatudanganya macho.

Hilo nililielewa haraka. Kwetu ukisimama uani jioni unaona taa mbili zimekaa karibu kama macho ya paka. Mgeni atasema ni nyumba moja. Sisi tunajua moja ni ya jirani hapa chini na nyingine iko kilima cha ng'ambo, na katikati kuna bonde la kukutoa jasho.

"Sasa utajuaje?" nikamuuliza Mwende. "Huko huwezi kwenda kubisha mlango."

Akaniuliza na yeye, "Mami, ukiwa juu shambani, uone wanawake wawili barabarani wakienda sokoni, unajuaje kama wako pamoja ama wamekutana tu?"

Nikamwambia mimi singeangalia vile wamekaribiana. Mtu anaweza kukukaribia na hakujui. Ningengoja. Ningewaangalia tena wakifika darajani. Kama mmoja amemwacha mwingine, walikuwa wamekutana tu. Kama nafasi kati yao bado ni ile ile, hao wametoka nyumba moja.

"Hiyo ndiyo kazi yangu yote," akasema. "Lakini hawa wangu wanatembea polepole. Kutoka shambani mpaka darajani ni miaka mia na zaidi."

Kumbe nyota zinatembea, Shajara. Mimi nilidhani zinazunguka tu na usiku. Hapana, kila moja iko na safari yake, isipokuwa ziko mbali sana hata macho yetu hayagundui. Kuna watu waliopima nafasi kati ya nyota hizi kabla Susu hajazaliwa, wakaandika, wakafa. Mwende anapima sasa. Zile mbili zinajulikana zimesogea. Kama ya tatu imebaki nyuma, nafasi imeongezeka. Kama nafasi ni ile ile, basi imesogea pamoja nazo.

Sijui kwa nini habari hiyo ilinikosesha usingizi.

Ama najua. Wewe sikufichi. Susu hakujaliwa mtoto, na mume wake akafa mapema. Kwa mila yetu ya Kikamba, mwanamke kama huyo anaweza kutoa mbuzi akaoa msichana, aje azae watoto kwa jina la ile nyumba. Tunaita iweto. Mimi ndimi niliolewa hivyo, na Susu ndiye aliyenioa. Ni jambo la heshima, halikuvunja sheria ya mtu. Lakini siku ya kugombania maji kisimani huwezi kukosa mmoja wa kusema, "Huyo si wa hapo, aliletwa tu." Nimelisikia mpaka limekuwa kama mbu. Halinitoi damu, lakini nalisikia.

Basi nikaanza kuitakia mema ile nyota ndogo.

Tatizo lilikuwa moja. Vipimo vilikataa.

Kupima kwenyewe ni hivi. Mwende anaelekeza darubini, anaiacha imetulia, nyota zinapita zenyewe ndani ya kioo chenye mistari myembamba. Anabonyeza saa ya kupimia nyota moja ikigusa mstari, anabonyeza tena nyingine ikiugusa, ananisomea namba, mimi naandika kwa mwanga wa tochi tuliyofunga kitambaa chekundu. Namba naandika vizuri. Lakini wiki yote iliyopita namba zenyewe zilikuwa zimetawanyika kama mbuzi walioona fisi. Hii kubwa, ile ndogo, hakuna mbili zinazosikilizana.

"Zinachemka," Mwende alikuwa anasema, jicho kwa kioo. "Mami, zinachemka kama uji. Siwezi hata kuona katikati yake ni wapi."

Mwalimu wake alikuwa amemwambia mapema. Vipimo visiposikilizana, aache nyota hiyo, achukue kazi ya kusoma vitabu tu. Na kuna nafasi ya mwanafunzi mmoja kwenda Afrika Kusini baada ya mtihani, mahali kuna darubini kubwa kama nyumba. Hiyo nafasi haipewi mtu wa vitabu tu.

Jioni ya mwisho ya wiki hiyo alikaa kwa kiti cha jikoni, akavua viatu, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda yeye hana mkono wa kazi hii. Labda angesomea uhasibu kama binti ya dada yangu. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Huyu ni mtoto ambaye akiwa mdogo alikuwa anaanguka kutoka kwa mti na kuulaumu mti.

Nikamwambia kesho itakuwa nzuri. Nikamwekea uji. Nikaongeza makaa.

Sasa hapa, Shajara, ndipo ninaona aibu na kicheko pamoja.

Mwende akiwa na miaka minne alishikwa na nimonia. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, kifua chake kikilia kama mlango mbovu, na kwa muda fulani njiani kikanyamaza nikadhani nimebeba maiti. Tangu siku hiyo baridi na mimi hatusalimiani. Yeye sasa ni mtu mzima, ananipita kimo, lakini nikimwona amesimama uani mwezi wa nane na sweta moja, mimi nasikia ule mlango.

Kwa hivyo nilikuwa namtolea jiko la makaa.

Siku ya kwanza nililiweka mbali kidogo, kando ya ndoo. Mwende akasema asante bila kugeuka. Kisha nikaona mabega yake yanatetemeka, nikalisogeza. Kesho yake nikalisogeza tena. Kila akiinama kutazama, mimi nasukuma kidogo na mguu. Kufikia mwisho wa wiki jiko langu lilikuwa limekaa kati ya miguu ya darubini, limetulia, linang'aa kama paka mwekundu. Yeye hakuliona, macho yake yalikuwa juu. Alisikia tu joto, na nafikiri alidhani ni mama yake amesimama karibu.

Jumatatu ya wiki hii tukatoka tena. Zinachemka. Namba za fisi. Mara Susu akapiga kelele kutoka ndani.

"Mama Mwende! Hilo jiko limeolewa huko nje? Miguu yangu imekuwa mawe."

Nikalibeba nikampelekea. Nikakaa naye kidogo, nikamkanda miguu, naye akawa ananung'unika kwamba katika nyumba hii nyota zinapashwa joto na wazee wanaachwa. Mara nikasikia Mwende anaita.

"Mami, njoo! Zimetulia!"

Sauti yake ilikuwa ile ya utotoni. Nikafurahi sana. Nikamwomba Susu jiko, nikajaza makaa mapya, nikapuliza, nikalirudisha mbio ili mtoto asipate baridi sasa wakati mambo yamekuwa mazuri. Nikaliweka mahali pake.

Mwende akainama tena kwa kioo. Kisha akasema, "Zimeanza tena."

Akainua kichwa. Akatazama juu. Akatazama darubini. Halafu, polepole, akatazama chini.

"Mami."

"Ee."

"Hili jiko lilikuwa hapa wiki yote?"

"Hapana," nikasema. "Mwanzo lilikuwa mbali. Nililisogeza tu."

"Ukalisogeza mpaka wapi?"

"Si unaona."

Akaigusa darubini kwa kiganja. "Na mchana darubini inakaa wapi?"

Nikaona swali hilo ni rahisi, nikalijibu nikijivunia. "Jikoni, karibu na mafiga. Nimeifunika na lile blanketi lako la zamani, isipatwe na umande."

Akakaa chini, kwa mchanga, akafunika uso na mikono. Nikajua nimemwua. Mabega yalikuwa yanatikisika na mimi nimesimama hapo na mkono kwa mdomo, nikifikiria Afrika Kusini ikienda, uhasibu ukija, yote kwa sababu ya makaa yangu.

Kumbe anacheka. Alicheka mpaka Susu akauliza ndani ni nani amekufa.

Akanielezea akipangusa macho. Hewa ya moto inapanda, na ikipanda inatikisa mwanga wa nyota. Si wewe pia umeona mbuzi akisimama ng'ambo ya moto, anakuwa kama anacheza? Basi mimi nilikuwa nimeiweka ile nyota ndogo ng'ambo ya moto. Na darubini yenyewe, kwa sababu ilitoka jikoni na blanketi lake, ilikuwa imejaa joto tumboni.

"Mwalimu alitufundisha hii siku ya kwanza," akasema. "Hakutufundisha kuhusu mama."

Mimi nilicheka naye, lakini nikiliinua jiko mikono ilikuwa mizito. Nililirudisha ndani. Nikatazama nyuma. Amesimama gizani, sweta moja.

Huo ndio ulikuwa mtihani wangu, Shajara, na hakuna mwalimu aliyenionya.

Jumanne asubuhi nikaja mjini mbio. Nikaenda kwa Mama Halima, yule Msomali anayeuza makoti ya mitumba karibu na stendi. Nikachagua koti zito kuliko yote, lenye manyoya kwa kofia. Akaniuliza, "Mama, mtoto anasafiri Ulaya?"

"Anaenda uani," nikasema.

Akanitazama. Kisha akaongeza glavu bila kuniitisha kitu. Yeye pia ni mama.

Jioni hiyo darubini ililala nje kutoka machweo ili ipoe, bila blanketi, na kuiona hivyo kuliniuma kidogo. Mwende akavaa koti akawa kama dubu. Mimi nikasimama karibu yake na tochi yangu. Akatazama, akasita, akanishika mabega taratibu akanisogeza.

"Mami, usikasirike. Hata wewe uko na joto. Simama upande huu, upepo ulipeleke kule."

Nilitaka kukasirika. Nikashindwa. Ni mara ya kwanza mtu kuniambia niko na joto la kusumbua mbingu.

Halafu namba zikaanza kuja.

Ya kwanza. Ya pili karibu nayo. Ya tatu, karibu zaidi. Nilikuwa naandika mbio, kwa sababu hata mtu wa darasa la tano anaona mbuzi wakirudi bomani. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi mawingu yalitutisha kidogo, yakafunguka. Mara moja Mwende akanivuta, akaniambia nitazame mwenyewe. Nilifumba jicho moja, nikaona giza, nikaona kope zangu, kisha nikaziona. Mbili zimeshikana, za manjano kidogo. Na kando, imetulia, ndogo kama chembe ya chumvi, ile yangu.

Sikuambia mtu kwamba niliisalimia.

Jana asubuhi akakaa mezani na kikokotoo, na zile namba za wazee waliokufa alizopewa na mwalimu. Mimi nikawa nachagua mawe kwa maharagwe, bakuli moja, kwa muda ambao ningechagua gunia. Anaandika, anafuta. Anatoka nje, anarudi. Nikachagua maharagwe yaliyochaguliwa.

Kisha akaweka kalamu chini. "Haijabaki nyuma," akasema. "Nafasi ni ile ile."

Zile mbili zimesogea miaka yote hiyo, na ile ndogo imesogea nazo, upande mmoja, mwendo mmoja. Ingekuwa mpita njia, saa hii ingekuwa imeachwa na tungeona. Alimpigia mwalimu simu pale pale, akanisogezea simu nisikie. Mwalimu ni mtu makini. Alisema kusafiri pamoja ni ushahidi mzuri sana, lakini kuiona ikizizunguka zile mbili kutachukua muda mrefu kuliko ukoo wa mtu yeyote aliye hai, kwa hivyo tusiape. Kisha akasema vipimo ni safi, amevipenda, na jina la Mwende ndilo anapeleka kwa ile nafasi ya Afrika Kusini. Akauliza wiki iliyopita kulikuwa na shida gani.

"Hali ya hewa," Mwende akasema, akinitazama.

Haki, mtoto huyu nilimzaa mwenyewe.

Tukaenda kumwambia Susu. Alikuwa anaota jua kwa mlango, blanketi mabegani. Mwende akapiga magoti mbele yake akamweleza kwa Kikamba, zile mbili, ile ya tatu, safari ndefu, nafasi isiyobadilika. Susu akasikiliza macho yamefungwa, nikadhani amelala.

"Kwa hivyo ya tatu ni yao," akasema.

"Ni yao, Susu."

"Basi nani alitoa mbuzi?"

Tulicheka sisi watatu mpaka jirani akachungulia uani. Susu hakucheka sana. Alinyoosha mkono wake, ule mkavu, akanishika kifundo cha mkono, akakaa nacho hivyo huku akiongea habari nyingine kabisa, za kuku anayetaga kwa majirani. Hakunitazama. Hakuachilia mpaka jua lilipohama mlangoni.

Sasa nimekwisha, na kijana wa sayba anataka kufunga. Anga limeanza kufunguka upande wa vilima vya Iveti. Mwende amesema jioni hii anaanza nyota nyingine, tatu tena, na hazijulikani kama ni za nyumba moja. Nitafika nyumbani jua likizama. Nitamwashia Susu jiko, na najua mikono yangu itawasha kutaka kulibeba, najua, kwa sababu hata hapa nikiandika inawasha. Na akienda Afrika Kusini, ambako wanasema kuna baridi ya kweli, mimi sitakuwa na mguu mrefu wa kusukuma jiko mpaka huko.

Nimeamua hivi. Jiko litabaki ndani na Susu. Mimi nitasimama pale mtoto aliponionyesha, upande ambao joto langu halitikisi nyota, na tochi yangu nyekundu, nikingoja anisomee namba.

Nitaweza kusimama hapo bila kusogea?